Pauni kuporomoka au barabara kufungwa: kipi hutia hofu ya bei?

Uingereza, Juni 2016: kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya iliporomosha pauni usiku mmoja, lakini kesho yake bei dukani zilikuwa zile zile. Mnunuzi alionjeshwa Oktoba, duka kuu la Tesco na kampuni ya bidhaa Unilever walipovutana juu ya bei na Marmite, kipakwa-mkate maarufu huko, kuadimika. Mfumuko wa bei ulifika 3.1% Novemba 2017.

Kenya, katika ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nani angengoja takwimu? Barabara za Bonde la Ufa zilifungwa, reli iking'olewa Kibera, bei ya petroli ikapaa hata Kampala, Uganda. Ukitarajia unga utapanda kesho, unanunua leo, na kununua huko kwenyewe kunaupandisha. Kwangu huu ndio mshtuko mkali zaidi, ingawa mapatano ya kisiasa ya Februari 2008 yalifungua njia, ilhali pauni haikurudi ilikokuwa.