Mafunzo ya fedha kwa vijana, Area C Dodoma: tathmini ya mzazi

Binti yangu wa kidato cha tatu alihudhuria kwa Jumamosi nne mafunzo ya kutunza na kuwekeza fedha katika ukumbi mdogo wa Area C, nami nilikaa nyuma mara mbili kusikiliza. Somo lililonikosha ni la bajeti, ambapo kila kijana alipewa mtaji wa kubuni wa shilingi 50,000, akatumwa Soko la Majengo kuuliza bei za zabibu na karanga kwa jumla na rejareja, kisha akaeleza angebaki na nini baada ya kutoa nauli, mifuko na mzigo utakaoharibika. Wengi waligundua kwamba walichokiita faida kilikuwa mauzo tu. (Sasa binti yangu ananihoji kuhusu daftari la duka langu, huduma ambayo sikuilipia.)

Sehemu ya uwekezaji ilikuwa nyembamba. Mwalimu alieleza vizuri kwamba hatifungani ya serikali ni mkopo ambao mwananchi huipa Serikali kupitia Benki Kuu, akalipwa riba kila baada ya miezi sita, na kwamba Mfuko wa Umoja wa UTT AMIS (taasisi ya Serikali inayosimamia mifuko ya uwekezaji), ulioanzishwa mwaka 2005, hukusanya fedha za watu wengi na kuziwekeza kwa pamoja. Hata hivyo, mfumuko wa bei aliupitia juu juu, wala hakuwaonya vijana dhidi ya matapeli wa mitandaoni wanaoahidi kuzidisha fedha kwa wiki moja. Ada ya shilingi 40,000 naiona ya haki, ingawa madaftari ya mazoezi yalifika Jumamosi ya tatu.