Mizani ya jikoni: kabla ya kuuliza bei, uliza inajizima baada ya dakika ngapi

Mwezi uliopita nilikuwa naujaribu mkate wa maziwa kutoka kwenye kitabu alichoniletea wifi yangu. Kitabu chenyewe kinataja kila kitu kwa gramu: maziwa 300, sukari 50, hamira 7, unga wa ngano 500. Nikaweka bakuli juu ya mizani mpya, nikabonyeza TARE isome sifuri, nikamimina maziwa ya uvuguvugu. TARE tena, sukari. TARE, hamira. TARE, nikaanza unga. Nimefika mia tatu na kitu, mlango ukagongwa: kijana wa gesi na mtungi wake. Nikamlipa, akanifungia regyuleta, nikarudi kwenye bakuli langu.

Kioo kitupu. Nikaiwasha, ikasoma 0, na bakuli lenye kila kitu liko palepale juu yake.

Ilikuwa 340? 380? Unga umeshakaa juu ya maziwa, huwezi kuutoa ukaupime upya. Nikakadiria. Mkate ukatoka mgumu, umepasuka ubavuni, na wageni wa futari walikuwa wanafika saa kumi na mbili. Mizani ile niliinunua Kariakoo kwa 25,000. Kesho yake niliiwasha nikaitazama huku simu inahesabu: haikufika dakika mbili ikajizima.

Nilipolisimulia jambo hili hapa, wasomaji kadhaa mkaniandikia kwamba nanyi yamewakuta. Mmoja mizani yake inazima anapokoroga siagi na sukari, mwingine anapovunja mayai. Ndiyo maana leo sitaongelea rangi, wala kama ni ya kioo au plastiki, wala kama inabeba kilo 5 au 10. Hayo kila muuzaji atakwambia. Nataka tuongee dakika.

Ukipika pilau unayoijua tangu utotoni, mkono wako unakwenda wenyewe. Mapishi mapya ya kitabuni hayaendi hivyo. Unasoma mstari, unapima, unarudi kusoma tena kwa sababu hukuelewa "kunja taratibu" maana yake nini. Unakwenda kutafuta iliki, unakuta haijatwangwa, unatwanga. Unasoma tena. Kati ya kipimo na kipimo zinapita dakika tatu, nne, hata saba. Mizani inayojizima baada ya dakika mbili imetengenezwa kwa ajili ya mtu anayepima ndizi moja akaondoka. Na ikizima haikumbuki kitu: ikiwashwa tena, chochote ilichobeba wakati huo inakihesabu kuwa sifuri.

Kuna atakayesema basi tumia vikombe. Vikombe vya nani? Kikombe cha vitabu vya Marekani ni mililita 240 hivi, cha Australia ni 250, cha Japani ni 200. Kijiko kikubwa cha Australia ni mililita 20 wakati cha Marekani na Uingereza ni 15. Na hata kikombe kikiwa hichohicho, unga ukiuchota kwa kuusukumiza unaweza kupata gramu 150, ukiuweka kwa kijiko pole pole unapata 120. Kwenye vikombe vinne hiyo ni tofauti ya gramu 120, yaani unga wa kikombe kizima. Bibi yangu alipima kwa kibaba na mikate yake ya kumimina haikumwangusha hata siku moja, lakini kopo lake lilikuwa moja, na aliyemfundisha alitumia kopo hilohilo. Mwandishi wa kitabu hajawahi kuliona kopo lako.

Sasa mizani zenyewe, kuanzia ninayoipenda.

Ya kwanza ni My Weigh KD-8000, na sitaficha kwamba mapenzi yangu yako hapa. Hii unaweza kuiambia isijizime kabisa. Unaiwasha asubuhi, inabaki inasoma mpaka wewe mwenyewe uizime. Inabeba kilo 8, inasoma gramu mojamoja, na ina sehemu ya kuchomeka umeme ukichoka kununua betri. Ina pia hesabu ya waokaji: unaweka unga, unaiambia mizani kuwa huo ndio asilimia 100, halafu maji na chumvi vinasomeka kwa asilimia ya unga. Ukishaanza kusoma vitabu vya mikate utakuta wanaandika hivyo kila ukurasa. Si nzuri kuitazama, ni kubwa na inakula nafasi ya meza. Wifi yangu aliibeba kwenye begi kutoka Marekani baada ya kuniona nilivyohangaika na ule mkate. Nilipopima unga wa mkate uleule mara ya pili, nilipokea simu ya mama katikati, tukaongea robo saa nzima. Nikarudi: 365, inanisubiri. Nikaongeza 135 nikaendelea.

Ya pili ni OXO ya kilo 5, ile ambayo kioo chake kinavutwa mbele kama droo. Inakuvumilia muda mrefu kuliko nyingi za bei yake, na hicho kioo cha kuvuta kina maana kubwa kwetu tunaopika kwa masinia na mabakuli mapana. Mizani nyingine ukiweka sinia, namba zinafichwa chini, unabaki umeinama shingo unachungulia. Hapa unavuta kioo unasoma.

Ya tatu itawashangaza baadhi yenu: mizani ya mshale, ya springi, isiyo na betri. Salter wa Uingereza wamekuwa wakitengeneza mizani tangu karne ya 18 na za mshale zao bado zinapatikana, mara nyingine hata kwenye vyombo vya mitumba. Mizani ya mshale haina cha kuzima. Ukienda ukirudi, mshale uko ulipouacha. Udhaifu wake ni kwamba mistari yake mara nyingi inaruka gramu 20, kwa hiyo hamira gramu 7 haikuonyeshi. Kwa unga, sukari na siagi inatosha, na hamira upime kwa kijiko cha chai kilichosawazishwa kwa kisu: vijiko viwili na robo vya hamira kavu ya chembechembe ni kama gramu 7.

Ya nne ni Escali Primo. Inasifiwa sana, ni imara, vitufe vyake viwili tu hata mtoto anaelewa. Inajizima baada ya dakika 4. Kwa keki unayoijua dakika 4 zinatosha. Kwa kitabu kipya bado ni chache, ndiyo maana nimeiweka hapa.

Zile za elfu kumi na tano mpaka thelathini, nyeupe, za sahani ya mduara, karibu zote ni mizani moja yenye majina tofauti. Nunua kama huna namna, na usome mwisho wa mwongozo huu.

Jamani, wauzaji. Nimezunguka maduka saba Kariakoo nikiuliza swali moja: hii inajizima baada ya muda gani? Wanne walinijibu "hii orijino, dada". Mmoja alinijibu kwamba inabeba kilo 10, kana kwamba nataka kupima kiroba. Boksi limeandikwa kilo 10 kwa herufi kubwa mbele, dakika za kujizima hazipo mbele, nyuma wala kwenye karatasi ya ndani. Ukiomba kuijaribu, boksi halifunguliwi, au betri hazipo. Ukishalipa, risiti ina muhuri kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Mtandaoni ndiyo kabisa: picha nzuri, na ukiuliza bei unaambiwa "njoo inboksi". Kwa nini bei iwe siri? Nilitaka kuilinganisha mizani ileile kwa wauzaji watatu, nikapewa bei tatu zilizopishana kwa zaidi ya 20,000. Mizani ya muuza nyama inakaguliwa na Wakala wa Vipimo na inabandikwa stika. Hii ya jikoni kwako mkaguzi ni wewe peke yako.

Basi ukague. Nenda na betri zako, na chupa ya maji ya nusu lita ambayo hujaifungua, na chombo chepesi, na chumvi kidogo. Weka chombo, bonyeza TARE, mimina maji yote: isome karibu na 500. Halafu usiiguse. Washa saa ya simu, simama hapohapo. Muuzaji atakuharakisha, mwache. Ikizima kabla ya dakika tano, irudishie boksi lake. Na kabla hujaondoka, nyunyiza chumvi pole pole, punje kwa punje. Kuna mizani ambazo kitu kikiongezeka taratibu zinadhani ni mtikisiko na zinabaki kwenye namba ileile. Ukitaka chumvi gramu 10 utaweka 14 bila kujua.

Kwa mliokwisha nunua inayojizima, fanyeni hivi. Pima kila bakuli lako likiwa tupu na kavu, andika uzito wake chini kwa maka peni isiyofutika. Langu la chuma limeandikwa 412. Kila unachomaliza kupima, kiandike kwenye karatasi. Mizani ikizima katikati ya unga, ondoa bakuli, iwashe ikiwa tupu, rudisha bakuli. Tuseme imesoma 1,124. Toa bakuli 412, maziwa 300, sukari 50, hamira 7. Zinabaki 355, huo ndio unga ulioingia. Ongeza 145.