Helmeti za saiti hapa Mtwara mjini, ya njano poa, nyeupe achana nayo

Jamani mnaojenga huku Mtwara, nimechukua helmeti za vijana wangu duka moja la hadwea karibu na soko kuu, wana aina mbili. Ile nyeupe ya elfu saba ni bakuli la plastiki tu, mikanda ya ndani imelala kabisa kwenye ganda, sasa tofali likishuka toka juu kishindo chote si kinaenda fuvuni, maana kinachookoa mtu sio ugumu wa plastiki peke yake, ni ile nafasi kati ya ganda na kichwa, mikanda inavutika inakula nguvu. Ya njano elfu kumi na nane nafasi ipo, na ndani ina alama ya EN 397 (kiwango cha Ulaya cha helmeti za kazini) na mwaka wa kutengenezwa. Cheki huo mwaka kabla hujalipa, jua la huku pwani linachosha plastiki hata kama bado inang'aa.

Mkanda wa kidevu wanauza pembeni (wizi huu lakini nunueni tu), bila huo fundi akiteleza jukwaani helmeti inachomoka kabla hajafika chini. Ila kudondoka toka ghorofani helmeti haitoshi, hapo wekeni reli na mkanda wa usalama. Ikishapigwa kitu kizito tupa, hata kama huoni ufa.

Na mabosi msikate hela yake kwenye posho za saidia fundi, sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya 2003 inamtaka mwajiri ndo atoe vifaa. Duka nawapa nyota nne, risiti wanatoa bila kubembelezwa.