Alama moja ya jumla au jedwali la vigezo?

Mwanafunzi wa Gredi 8 ameandika kuhusu siku aliyompoteza mbuzi wa nyanya yake. Utamsahihishaje?

Njia ya kwanza wengi wetu tuliirithi kutoka usahihishaji wa KCSE, mtihani wa kitaifa wa mwisho wa sekondari nchini Kenya: unasoma insha yote, unaiweka kwenye ngazi, kisha unatoa alama moja kati ya 20. Ngazi A huanzia 16, D huishia 5. Ni njia ya haraka, na kwa darasa la watoto sitini hilo si jambo dogo. Pia inaheshimu kisa: hofu ya mtoto anayerudi nyumbani jioni mikono mitupu unaihisi yote kwa pamoja. Lakini 11 inamwambia nini mwandishi? Hajui kama kilichomwangusha ni tahajia au mwisho ulioharakishwa.

Jedwali la vigezo hutenganisha mambo hayo. Mtiririko, hisia, msamiati, sarufi: kila kimoja na kiwango chake, kuanzia kuzidisha matarajio hadi kuwa mbali nayo. Linachosha. Tena likitengenezwa vibaya, hati na tahajia humeza nusu ya alama, na mtoto mwenye kisa cha kweli hushindwa na aliyekariri methali tatu za kufungulia insha. Hilo huniuma.

Kwa rasimu, mimi huchagua jedwali, vigezo vinne tu, na kisa hupewa uzito mkubwa zaidi. Alama ya jumla naiachia mtihani wa mwisho wa muhula.