Shokapu za nyuma za Probox: chungulia bushi kabla hujafungua pochi

Mwezi wa tatu nilimpa muuzaji mmoja wa spea laki na sitini kwa jozi ya shokapu za nyuma, za boksi jeupe lisilo na jina. Probox yangu ni Toyota ya 2006, chesisi ya NCP51, injini ya 1NZ, na ilikuwa imeanza kunitisha. Kila lori likinipita pale Mlandizi, au tairi la nyuma likiangukia shimo, mkia unahama kama umesukumwa na mtu. Kwenye rasta ndiyo usiseme. "Dada, shokapu zimekufa hizo," akaniambia, hata kwenye stuli hakuinuka. Zikafungwa siku hiyo hiyo. Nikarudi barabarani: mkia bado unacheza, na sasa mgongo unauma juu yake.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa gereji Msamvu, Morogoro. Shokapu hakuzigusa. Aliingia chini na mtalimbo, akauchomeka kwenye ncha ya ile rodi ndefu inayokatiza nyuma kutoka kwenye bodi mpaka kwenye ekseli (laterali rodi), akabinya mara moja tu. Tundu la bushi, ile raba yenye kibomba cha chuma kwenye ncha ya rodi, lilikuwa limekaa kama yai. Bushi mbili, zote zinaenea kiganjani.

Probox nyuma haina mambo mengi. Ekseli ni moja ngumu, springi mbili, rodi nne za kuizuia isiende mbele na nyuma, na hiyo ya tano ya kuizuia isitembee kushoto na kulia. Shokapu kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kudunda; kuhama kwa mkia hakuihusu. Gari likidunda mara tatu nne baada ya tuta, au shokapu ikiwa imelowa mafuta, hapo nenda kanunue shokapu. Lakini mkia ukihama, lala chini uangalie bushi.

Kwa hiyo kwangu namba moja ni bushi, sijali duka linasemaje. Chukua ambayo raba yake imechomwa ikashikana na chuma, ndani na nje. Bushi ya aina hii haizunguki kwenye boliti. Raba yenyewe ndiyo inayojinyonga na kujirudisha. Washa tochi ya simu uangalie mzunguko wa kile kibomba cha katikati. Ukiona ufa mwembamba kati ya raba na chuma, hiyo imesukumiwa tu, itaanza kugonga mapema. Mimi nimefunga RBI za Thailand, na mwenye uwezo achukue za Toyota yenyewe. Zile ngumu za poliurethani zinadumu, ila zitakuletea kila kokoto mpaka kwenye meno. Mwachie anayebeba nyanya.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo linaloua bushi nzuri na hakuna anayelisema. Fundi anapandisha gari kwenye jeki, ekseli inaning'inia, anaingiza bushi mpya, anakaza nati kwa nguvu zake zote, anashusha. Pale gari linapokaa chini, raba inanyongwa, na itabaki imenyongwa hivyo usiku na mchana hata likiwa limeegeshwa. Ikifika siku ya kupakia mzigo, inachanika. Nati za bushi za raba zinashikizwa tu gari likiwa juu. Kukaza kwa mwisho ni gari likiwa limesimama kwa miguu yake, na uzito wake wote. Ni kazi ya kulala juu ya boksi na spana ndefu, ndiyo maana wanaikwepa. Utaambiwa "haina shida, dada". Ina shida! Mimi siku hizi simlipi mtu mpaka nimemwona chini ya gari, magurudumu yakiwa ardhini.

Namba mbili ni shokapu za KYB, ambazo wazee wa gereji bado wanaziita Kayaba. Nazipenda na sifichi. Ndio hao hao wanaoiuzia Toyota shokapu za kiwandani. Najua mwaka 2018 walikiri kuchezea takwimu za vifaa vyao vya kutuliza majengo wakati wa tetemeko, na iliniuma kama ndugu yangu kakamatwa. Bado nazinunua. Chukua Excel-G, ya gesi: ukikata mkanda unaoibana, fimbo inachomoza yenyewe taratibu. Isipochomoza, usikubali ifungwe. Nunua mbili kwa pamoja, kushoto na kulia.

Tokico ni nzuri ukiipata mpya, tatizo nyingi ninazoziona ni za mtumba, na shokapu ya mtumba ni kununua uchovu wa mtu mwingine. Monroe sina ugomvi nayo. Za boksi jeupe lisilo na jina nimeshawaambia zilinifanyia nini.

Springi ya mtumba, tofauti na shokapu, inaweza kukufaa kama haina kutu wala ufa na mbili zinalingana urefu. Ila ile mipira ya kupachika kwenye springi ili nyuma isimame, iache. Ukipandisha bodi, rodi ile ya kukatiza inaivuta ekseli upande mmoja, na bushi zako mpya zinaanza kazi zikiwa zimepinda.

Na hizi bei jamani. Jozi moja ya KYB, mtaa mmoja wa Gerezani, Dar es Salaam, nilitajiwa bei tatu: yangu, ya kaka yangu aliyepita dakika kumi baadaye, na ya fundi, ambaye aliandikiwa risiti ya bei yangu. Muuzaji mmoja akaniuliza mume wangu yuko wapi aje achague. Nilimtajia namba ya chesisi bila kusoma popote, akanyamaza, bei haikushuka.

Zile za laki na sitini nilizirudisha dukani zikiwa zimefutwa vizuri. Yule wa kwenye stuli akasema ikishafungwa ni yako. Moja sasa inaegemeza mlango wa banda la kuku. Nyingine imeshavuja.