Pampu ya waya tatu na kisanduku chake: miezi 20 kisimani kwangu Naliendele

Pampu hii inanyweshea kuku 300, bustani ya mchicha, na majirani wanne wanaokuja na ndoo. Ni ya kuzamisha, 0.75 kW, yaani hosi pawa moja, ya waya tatu, na kisanduku chake cha kuwashia kimefungwa ukutani barazani. Naipa nyota nne kati ya tano.

Kabla yake nilikuwa na ya waya mbili. Muuzaji aliniambia, "Mama, hii haina mambo mengi." Ni kweli: kapasita, kile kifaa kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka, imo ndani ya mota huko chini, wewe unaunga waya mbili na wa ethi, basi. Mwezi wa 14 ikawa inanguruma bila kuzunguka. Kisima changu kina mita 60, pampu inaning'inia mita 48. Vijana wanne walipandisha bomba asubuhi nzima, kamba ikikwaruza ukingo, halafu nikaambiwa kapasita imekufa na mota haifunguliki, ninunue nyingine. Duka likakataa kuipokea. Ilikuwa Oktoba, jua la kuchoma, kuku wanahema midomo wazi. Iliniuma sana.

Ya waya tatu, kapasita inakaa juu, kwenye kisanduku. Januari nayo ilikufa. Fundi akazima umeme swichi kubwa, akafungua skrubu nne, akatoa kapasita iliyovimba kichwani kama andazi, akaweka nyingine ya mikrofaradi 35 kama ile ya mwanzo. Shilingi 15,000, na maji yakatoka kabla chai haijachemka. Kwa mwenye kisima kirefu, hapo ndipo penye faida. Mwenye kisima cha mita 10 anayeweza kuivuta pampu mwenyewe, sioni sababu ya kulipia kisanduku.

Ila kisanduku kiwe cha mota hiyohiyo. Usichukue cha hosi pawa moja na nusu kwa sababu kilikuwa na bei nzuri sokoni Chikongola.

Siku ya kufunga, alama za waya zilikuwa zimefutika. Kijana wetu wa Chuno hakubahatisha. Alichukua mita ya fundi akapima ukinzani wa waya mbili mbili, kwa omu, akaandika kwa mkaa ukutani: 4, 7, 11. "Mama, ona, 4 na 7 zinafanya 11. Waya ambao haumo kwenye hiyo 11 ndio wa pamoja. Kutoka huo, wenye 4 ni wa kukimbia, wenye 7 ni wa kuwashia." Nilimwambia, mwanangu, hayo maandishi usiyafute. Yapo mpaka leo.

Sasa kebo, maana hapa ndipo watu wengi wanapobana pesa. Kutoka kisandukuni hadi kwenye pampu ni kama mita 80. Mota ikishakimbia inavuta kama ampea 6, lakini wakati wa kuamka inavuta hata mara nne ya hapo. Kwa waya wa milimita za mraba 1.5, sekunde hiyo ya kuamka unapoteza karibu volti 46 njiani. Kwa waya wa milimita za mraba 4, unapoteza kama 18. Mimi nipo mwisho wa laini, jioni mita yangu inasoma volti 200 badala ya 230. Toa 46 hapo uone mota inabaki na nini cha kuamkia. Inang'ang'ana, inachemka, inaungua, na lawama anabeba aliyeitengeneza. Nilinunua ya milimita 4, yenye waya nne ndani ukihesabu wa ethi. Ilinigharimu, na sijutii hata shilingi.

Dukani walitaka kuniuzia pia swichi ya presha. Hiyo ni ya mtu anayesukuma maji moja kwa moja kwenye mabomba ya nyumba. Sisi tunaojaza simtanki juu ya mnara tunahitaji boya: tanki likijaa linazima, likishuka linawasha. Boya langu halibebi umeme wa pampu, linaamrisha kontakta tu, yaani swichi nzito inayobeba umeme wa pampu, maana boya linalobeba mzigo wote hugandana midomo ya umeme ndani yake, na tanki linafurika usiku wewe umelala. Kisimani nikaweka vihisi viwili vya maji, cha juu na cha chini. Maji yakishuka chini ya kile cha chini, pampu inajizima isizunguke kavu. Novemba iliyopita ilijizima yenyewe siku tatu mfululizo, saa nane mchana. Nikaacha kumwagilia mchicha, kuku wakapata maji.

Nyota niliyoipunguza ni ya kisanduku. Matundu ya kupitishia kebo yalikuja wazi, hayana mpira wa kuziba. Mwezi wa tano mjusi aliingia, akafia kati ya midomo ya kontakta, pampu ikagoma. Kwa bei ile, kukosa vipande viwili vya mpira hakukubaliki. Niliziba kwa mpira wa tairi ya baiskeli na silikoni, na kila Jumamosi nazima swichi kubwa, nafungua kifuniko nafuta sisimizi.