Saa 11 za Kuitwa "Wewe": Uzoefu Wangu na Kitabu cha Kusikiliza cha You

Nilinunua kitabu hiki cha kusikiliza kwa ajili ya safari ya kazini. Kutoka Kimara hadi Kivukoni, jijini Dar es Salaam, kwa basi la mwendokasi, kwenda na kurudi pamoja na kungoja kituoni, hunichukua zaidi ya saa mbili kwa siku, nami nilipiga hesabu kwamba You (yaani "Wewe"), riwaya ya Caroline Kepnes iliyotoka mwaka 2014, inayosomwa na Santino Fontana kwa takriban saa 11, ingenitosha juma zima. Ilikwisha siku ya tatu, kwa sababu niliendelea kuisikiliza jikoni na hata kitandani, kinyume na nilivyokusudia.

Msimulizi ni Joe Goldberg, meneja wa duka la vitabu jijini New York. Binti aitwaye Guinevere Beck anaingia dukani, wanataniana kidogo, analipa kwa kadi ya benki, na jina lililo kwenye kadi hiyo linamtosha Joe kumtafuta mtandaoni mpaka akajua anapoishi, tena katika nyumba ya madirisha yasiyo na mapazia. Baadaye simu ya Beck inaangukia mikononi mwa Joe, naye anasoma kila anachowaandikia rafiki zake. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Ya Joe yamefichwa vizuri mno, na yeye mwenyewe hana shaka hata chembe kwamba ni mapenzi.

Kinachokitofautisha kitabu hiki ni kwamba Joe hasemi nasi, anasema na Beck. Yeye hatuelezi sisi kwamba Beck alicheka au alivua koti, bali anamwambia: unacheka, unavua koti, unanitazama. Katika kurasa ungeweza kuichukulia kama mbinu ya mwandishi na kuipita, lakini sauti ya mwanamume inapokuambia masikioni kwamba inakuona, na hapo ulipo hakuna "wewe" mwingine, huna budi kuipokea. Nilipokuwa nikimsimulia mdogo wangu nilitambua kwamba Kiswahili kingeizidishia hadithi hii ukali, kwa kuwa anayetazamwa angefungiwa ndani ya kitenzi chenyewe: nakuona, nakufuata, nakujua, silabi moja iliyobanwa katikati bila pa kutokea. Sisi tuliolelewa kwa hadithi za jioni tulizoea kwamba msimulizi akisema "Paukwa!" hungoja kwanza tumjibu "Pakawa!". Joe hangoji jibu la mtu.

Fontana ndiye aliyempa sauti Hans katika filamu ya Frozen ya mwaka 2013, yule mwana wa mfalme mpole ambaye mwishoni hudhihirika kuwa laghai, na sidhani kama angepatikana msomaji wa kufaa zaidi. Hapandishi sauti ovyo. Hata Joe anapoeleza jambo la kuogofya hulisoma kwa utulivu wa mtu anayekushauri ununue kitabu gani, na kejeli zake ni za kuchekesha kweli, kiasi kwamba unacheka kwanza ndipo unajiuliza umecheka nini. Tamthilia ya televisheni iliyoanza mwaka 2018, ambayo Penn Badgley anaigiza kama Joe, niliitazama kabla ya kusikiliza kitabu. Pale unauona uso wake, unawaona wenzake wakimtazama, na unapata nafasi ya kusogea pembeni. Hapa pembeni hakuna.

Kasoro zipo. Katikati hadithi inazubaa, hasa Joe anapowasuta matajiri na marafiki wa Beck kwa yale wanayosoma na kula. Matusi ni mengi na maelezo ya ngono hayana staha, kwa hiyo tumia visikilizi, usithubutu kuifungulia spika sebuleni. Nilijaribu kuongeza kasi ya usomaji kidogo, na Joe akageuka mchekeshaji. Nikairudisha ya kawaida. Programu niliyotumia ilipoteza mahali nilipofikia mara mbili, na kwa kuwa sura zina nambari tu bila majina, kupatafuta tena kulinichosha. Naipa nyota nne kati ya tano.

Nyota ya tano ningeitoa kwa asubuhi ya siku ya pili tu. Basi lilikuwa limejaa, tulikuwa tumeipita Manzese, Joe alikuwa akisoma barua pepe za Beck na kuzitolea maoni, nami nilikuwa nimeegemea bomba nikimsikiliza. Sijui nilianza saa ngapi, ila niligutuka nikiwa katikati ya ujumbe mrefu katika simu ya mama aliyeketi mbele yangu, na tayari nilikuwa nimeshaamua kwamba huyo anayemwandikia hamfai. Mama yule aliigeuza simu taratibu, akaifunika kwa mkoba wake. Nilisimamisha usomaji, nikatazama nje hadi Kivukoni.